Sura ya Saba Inakwama

4 Machi

Shemeji Njiti,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna aliyekufa, hakuna anayeumwa. Watoto wako wanakusalimu. Namba yako ninayo, mama yenu alinipa, ila simu sipigi. Nilipiga mara moja, ukasema "haloo", nikakata. Sauti yako na ya kaka yako ni moja, na mimi bado sina kifua cha kuisikia ikitoka kwa mtu mwingine. Kwa hiyo tuandikiane.

Shida yangu ni kompyuta. Unakumbuka kile kitabu ambacho marehemu kaka yako, Mwalimu, alikuwa anawaandikia wachimba visima wake? Wewe ndiye uliyekuwa unamtania kwamba atakimaliza siku watu watakapochimba maji mwezini. Hakukimaliza. Maneno yote yapo, sura tisa, lakini mpangilio ni vurugu tupu. Vichwa vya habari vingine vinene, vingine vyembamba, na picha zimeparamia maandishi. Sasa chuo alichokuwa akifundisha kimenipigia. Wanataka kukitoa kwa kundi jipya mwezi wa tano, kabla halijapelekwa kuchimba, kwa sababu mwaka jana walizika wanafunzi wawili waliokufa kisimani. Mimi nimepiga chapa ofisini ujana wangu wote. Nikawaambia nipeni wiki moja.

Wiki moja! Nikiandika maneno matupu, mashine inakwenda vizuri. Nikitaka kubadilisha umbo la maneno, yaani kukoleza kichwa cha habari, kulaza herufi, kuongeza nafasi kati ya mistari, kila kitu kinaganda. Skrini inapauka, kile kiduara kinazunguka, nami nabaki na mkono juu ya mausi kama mtu aliyebisha hodi. Halafu inafanya nilichotaka, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ndivyo alivyokuwa kaka yako. Ukimwuliza jambo ananyamaza kwanza, unadhani hajasikia, kisha anakujibu kwa upole. Juzi skrini ilipopauka nikajikuta namwambia, "Haya, nakusubiri." Mtoto alikuwa mlangoni. Akarudi nje taratibu.

Nasikia umeacha visima kabisa, una kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta. Niambie nifanye nini.

Shemeji yako,
Mama Chapa


11 Machi

Shemeji Mama Chapa,

Barua yako niliipokea mbele ya wateja, ikabidi nijifanye nimeingiwa na vumbi machoni. Tangu msibani hatujasemezana. Nilidhani umeshanifuta.

Watoto waambie nawasalimu, na yule mkubwa aache kujipima kimo ukutani. Ukoo wetu hauna mfupi, atafika tu.

Tuje kwenye mashine. Kwanza zima yote, iache ipoe, uiwashe upya. Ukishaiwasha fungua programu ya kuandikia peke yake, usifungue na mambo ya mtandao na muziki. Pili, angalia kama ina nafasi. Namjua kaka, alikuwa hafuti kitu, kila picha ya kila shimo aliloliona ipo humo. Hamishia picha kwenye flash. Tatu, kile kifaa kinachopigia mistari myekundu chini ya maneno, kizime. Hakijui Kiswahili, kinahangaika bure na kila neno. Nne, tazama ametumia aina ngapi za herufi. Watu wakinakili kutoka huku na huku wanabeba herufi za kila namna, mashine inachoka kuzipanga. Chagua aina moja, uitumie kitabu kizima.

Fanya hayo moja moja, uone lipi limesaidia. Ukiyafanya yote kwa mpigo hutajua nani mkosaji.

Faili lenyewe usinitumie. Nieleze tu kwa maneno, nitakuelewa.

Shemeji yako,
Njiti


19 Machi

Shemeji,

Nimefanya yote, moja moja, kama ulivyosema. Kuzima na kuwasha hakujasaidia. Kuhamisha picha kumesaidia kidogo, sasa mashine haivumi kama kinu. Mistari myekundu nimeizima, na macho yangu yamepumzika, lakini kasi ni ile ile. Herufi zilikuwa aina kumi na moja, nimezifanya moja. Ilichukua asubuhi nzima. Nikabofya, nikaenda kufua, nikaanika, nikarudi, kiduara bado kinazunguka.

Na sasa nimegundua kitu. Sura nyingine zinakwama kidogo, lakini sura ya saba ndiyo inakwama kuliko zote. Ni ile ya hewa mbaya. Ndani yake kuna majedwali ya Mwalimu, yale ya kina cha kisima na namna ya kushusha taa ya moto kuona kama hewa itaizima. Nikigusa jedwali moja tu, najua naweza kunywa chai. Jana mchana nilikuwa peke yangu, watoto shuleni, nyumba kimya. Nikakoleza mstari mmoja wa sura hiyo. Skrini ikapauka. Na katika ule ukimya nilimsikia akisafisha koo nyuma ya kiti changu, vile alivyokuwa akifanya kabla ya kunisahihisha. Niite kichaa ukipenda. Sikugeuka. Niliogopa kukuta yupo, na niliogopa zaidi kukuta hayupo.

Mwashi alikuja mwisho wa wiki. Unamkumbuka, yule aliyekuwa anajengea mawe kwenye visima vyenu. Kila mwezi haachi kuja. Safari hii amenizibia ufa wa jikoni na kuzibua mfereji, hataki hata ahsante, anakula huku ameinamisha kichwa, anaondoka. Watoto wanamwita baba mdogo. Yeye si ndugu, hana deni lolote na nyumba hii. Nawe uliyeshika kamba ya kaka yako hujafika hata mara moja kuona kaburi lake limeota nyasi kiasi gani. Samahani, lakini nimelibeba neno hilo muda mrefu na leo limenitoka.

Ndiyo maana nimeamua jambo. Mwishoni mwa kitabu naongeza ukurasa wangu. Nitaandika kwamba mwandishi alikufa kazini kwa sababu kamba ilikatika, na kila mchimbaji kabla ya kushuka aikague kamba yake kwanza, kuliko kitu kingine chochote. Angalau kifo chake kifundishe kitu.

Faili nakutumia, hata kama umekataa. Limo kwenye flash ndani ya bahasha hii. Fundi gani anatibu mgonjwa bila kumwona?

Mama Chapa


27 Machi

Shemeji,

Flash imefika. Nimeiweka kwenye droo pamoja na betri mbovu. Usikasirike. Nadhani najua tatizo hata bila kuifungua.

Mashine yako ina printa gani? Sisemi hiyo uliyonayo hapo, kama unayo. Nasema ile iliyoandikwa kuwa printa yake kuu. Fungua mipangilio, tafuta sehemu ya printa, utaona majina. Moja litakuwa limewekewa alama.

Nakueleza kwa nini. Programu ya kuandikia haipangi maneno kichwani mwake tu. Kila unapobadilisha umbo la maneno, inaiuliza printa kuu: karatasi yako ina upana gani, pembeni niache kiasi gani, herufi hizi unaziweza? Printa ikiwepo inajibu papo hapo, wala huoni. Ikiwa haipo, imezimwa au imehamishwa, programu inaita, inangoja jibu, haipati, inakata tamaa, inaendelea kwa kukisia. Ukigusa mstari mwingine inaita tena. Kwenye jedwali ndiyo balaa, kwa sababu inauliza kwa kila kisanduku. Ndiyo maana sura ya saba inakwama zaidi. Hakuna mtu nyuma ya kiti chako, shemeji.

Dawa ni rahisi. Chagua printa nyingine iwe kuu, hata ile ya kubuni inayohifadhi kurasa kama faili. Huhitaji kufuta chochote. Utaona tofauti hapo hapo.

Jambo la pili. Ule ukurasa wa kamba, nakuomba usiuweke. Sikukatazi kuandika juu ya kaka. Ila kamba ni jambo dogo kisimani. Anayekagua kamba akasahau hewa, atashuka salama salimini mpaka kwenye kifo chake. Andika juu ya hewa. Au usiandike kitu, sura ya saba inatosha.

Njiti


3 Aprili

Njiti,

Nimefungua mipangilio. Majina yalikuwa mawili. La pili ni printa ya ofisini kwangu, niliiunganisha mwenyewe siku moja. La kwanza, lenye alama, limeandikwa kwa herufi kubwa: KAMBINI.

Nilikaa chini. Kambi yenu ya uchimbaji ilivunjwa wiki ile ile tuliyozika, mahema yakakunjwa, mashine zikagawanywa, hata njia ya kufikia pale sasa imeota nyasi. Na kompyuta hii miaka miwili yote, kila nilipoigusa, ilikuwa inaita kambini. Inaita, inangoja, hakuna anayepokea. Unasema hakuna mtu nyuma ya kiti changu. Nashukuru kwa kunifariji. Lakini sasa najua kilicho ndani ya ule ukimya, na ni kibaya kuliko mtu.

Sijaibadilisha. Mkono ulifika, ukakataa. Nitamaliza kitabu hivi hivi, polepole, nikinywa chai. Nilimtafuta kambini siku ile, nikaambiwa hayupo. Acha na mashine yake imtafute kidogo.

Na kuhusu kamba nimekuelewa vizuri sana. Kamba ni jambo dogo kwa nani? Kwa aliyeishika. Umekaa huko na kibanda chako, unanifundisha nini cha kuandika na nini cha kuacha, kwa sababu ukurasa ule unakutaja bila kukutaja. Basi sasa nitakutaja. Nitaandika: kamba ilishikwa na mdogo wake, na hakuikagua. Wanafunzi wasome.

Kama nakuonea, niambie wapi. Kama sikuonei, kaa kimya kama ulivyozoea.

Mama Chapa


10 Aprili

Shemeji,

Nimefungua flash. Nimeisoma sura ya saba nikiwa nimefunga mlango wa kibanda mchana kweupe, wateja wakagonga wakachoka. Kwenye ukurasa wake wa tatu, umekoleza mstari huu mwenyewe, nimeuona: "Mtu akianguka chini ya kisima, usimfuate. Hata akiwa ndugu yako. Shusha taa, puliza hewa, ita watu. Usimfuate."

Umeukoleza, na huwezi kujua umekoleza nini. Kwa hiyo nakuambia. Ukimaliza kusoma unaweza kuniandika ukurasa mzima ukitaka.

Kamba haikukatika.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, kisima tulikifunika tukakiacha. Asubuhi ile ya kufunua, tulikuwa watatu tu pale, wengine walikuwa hawajafika. Kaka alikuwa kwenye ofisi ya kambi anachapisha ratiba. Mimi nilikuwa namimina mafuta kwenye jenereta. Mwashi alikuwa amesahau chini pimamaji yake, kile kifaa cha kunyooshea ukuta. Hakumwambia mtu. Alifunua, akashuka kwa vipago vya kukanyagia vya ukutani, bila taa, bila kamba, kwa sababu ni kisima chake, mawe yote ameyapanga yeye, alikijua kama chumba chake cha kulala. Nilisikia kitu kimeanguka. Nikachungulia nikamwona amelala kifudifudi.

Nikapiga kelele. Kaka akaja mbio, karatasi bado mkononi. Nikamwambia, "Kaka, ni hewa! Ngoja tushushe taa, ngoja tulete kipulizio!"

Akachungulia. Unakumbuka ulivyosema, ananyamaza kwanza. Safari ile hakunyamaza. Akajifunga kamba kiunoni akasema, "Shika."

Nikamshika yeye badala ya kamba. Nikamkumbatia kabisa. Nikamwambia, "Mwalimu, usimfuate, wewe mwenyewe ndiye unayesema usimfuate!" Akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu, "Ana watoto." Nikasema, "Na wewe?" Akanisukuma nikaanguka. Nilipoinuka alikuwa ameshavuta pumzi akashuka.

Nilishika kamba, shemeji. Niliishika mpaka ngozi ikachunika. Ikavutwa mara mbili, ndiyo alama yetu, nikazungusha winchi kama mwenda wazimu. Nilikuwa nalia kwa furaha. Nikaona kichwa kinatokeza, na kilikuwa cha Mwashi. Alikuwa amejifungua kamba, amemfunga Mwashi kwapani, kwa fundo lake lile analofundisha darasani. Ukweli wote nakuambia, kwa hiyo na huu uchukue: nilipoona si yeye, mikono yangu ililegea. Kitambo kidogo tu. Kisha nikamvuta Mwashi nikamlaza chini, nikairudisha kamba kisimani. Nikamwita kaka jina lake la utotoni. Kamba ilining'inia hivyo hivyo. Hakuna mkono uliokuja kuishika.

Nikaingiza mguu. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye kipago cha kwanza. Na hapo nikasikia mstari wake. Darasani alikuwa anatufanya tuuseme kwa sauti, wote pamoja, kama watoto wa chekechea, mpaka tunacheka. Usimfuate. Hata akiwa ndugu yako.

Nikautoa mguu.

Hilo ndilo ninaloota. Sioti kisima wala uso wake, naota mguu wangu unatoka.

Watu walipofika Mwashi alikuwa anatapika chini ya kivuli hajijui. Nilijua wangemuua. Na nilijua watasema Mwalimu alikufa kwa kuvunja sheria yake mwenyewe, na wewe ungeyasikia hayo sokoni, msibani, kila mahali. Nilikuwa na kisu. Nikaikata kamba, nikasema ilikatika wakati namshusha, na Mwashi alizimia kwa mshtuko. Mzigo wa kamba ukawa wangu, na niliona unanistahili, maana nilikuwa mzima. Mwashi nilimwambia ukweli baadaye zahanati. Hakumbuki chochote. Nikamwapisha asiseme. Ndiyo maana haachi kuja kwako, na ndiyo maana mimi siji.

Sasa unajua kwa nini ukurasa ule utaua watu. Printa badilisha au usibadilishe. Ukurasa wa kamba utoe.

Njiti


29 Aprili

Bwana Njiti,

Salamu. Mimi si mtu wa kuandika, unisamehe.

Nilikwenda kwa Mama Chapa kama kawaida, nimebeba mchanga wa kuziba nyufa za uani. Alikuwa amesimama mlangoni na barua mkononi. Akaniuliza, "Pimamaji yako ilikuwa na thamani gani?" Nikajua umesema. Mchanga ukanidondoka.

Nikamjibu kwamba sikumbuki hata kwa nini niliifuata. Akaniuliza kama mume wake alisema kitu kule chini. Nikamwambia sikumbuki. Akauliza kama mikono yake ilikuwa na joto alipokuwa ananifunga. Nikamwambia mama, mimi nakumbuka nimefunua kisima, kisha nakumbuka kitanda cha zahanati. Katikati hakuna kitu. Akasema, "Yaani alikufa mbele yako na wewe hukuwepo." Halafu akasema niondoke na watoto wasinione tena.

Niliondoka. Sijarudi, ni wiki mbili sasa. Yule wa kike wa mwisho alinifuata mpaka njia panda akiniuliza nimekosea nini.

Sikulaumu kwa kusema. Nilikuwa nimechoka kuitwa mtu mwema. Ila nataka ujue jambo moja. Natamani angalau ningeikumbuka mikono yake. Mtu amenipa uhai wake, mimi sikumwona akinipa. Mke wangu akiniuliza mbona natazama mikono yangu, sijui nimwambie nini.

Mimi,
Mwashi


23 Mei

Shemeji yangu Njiti,

Nimechelewa kukujibu. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma nikaiweka. Kwanza nilikuchukia upya. Kisha nikamchukia Mwashi. Kisha, na hili ndilo lilinitoa machozi, nikamchukia marehemu. "Ana watoto." Na wale wangu walikuwa wa nani?

Lakini sikiliza nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Siku ya kuaga mwili nilimwona usoni. Hakuwa na mchubuko hata mmoja. Mtu aanguke kina kile, asiwe na hata alama? Nikajiambia labda aliangukia mgongo. Nikageuza uso haraka, nikakaa na hilo neno "kamba" miaka miwili kwa sababu lilikuwa na mtu wa kulaumiwa mwishoni mwake. Kwa hiyo si wewe peke yako uliyeficha. Mimi nilikusaidia.

Mwashi nilimfukuza, ameshakueleza. Nilidhani nitapumua. Badala yake nyumba ikawa nzito. Sura ya saba nikaifungua tena, nikafika kwenye mstari ule, nikataka kuongeza chini yake yaliyotokea, na sikuweza, kwa sababu hayakuwa yangu peke yangu kuyasema. Nikavaa viatu nikaenda kwake. Nilimkuta anajenga ukuta wa jirani. Aliponiona akashika mwiko kama mtu anayesubiri kupigwa. Nikamwambia, "Kitabu kinakwenda kuchapishwa wiki ijayo. Njoo unitajie yaliyotokea, mimi nitapiga chapa."

Alikuja kesho yake. Akakaa kwenye kile kigoda cha mlangoni, akataka kusemea pale pale, nikamwambia asogee karibu. Akasema sentensi, nikaiandika. Akasema nyingine. Hakujipendelea hata kidogo, mpaka ikabidi nimpunguzie matusi aliyojitukana. Tulipofika kwenye kupanga ukurasa nikakoleza kichwa chake, mashine ikaganda, naye akashtuka, "Imeharibika?" Nikamwambia hapana, inaita kambini. Nikamweleza ulivyonieleza. Akaitazama ile skrini iliyopauka muda wote mpaka maneno yaliporudi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, iache ipumzike."

Printa tuliibadilisha pamoja. Yeye hajui kompyuta, lakini niliweka mkono kwenye mausi naye akaweka kidole juu ya mkono wangu, tukabofya. Baada ya hapo kila kitu kilitii papo kwa hapo. Nikagusa, ikakolea. Nikagusa, ikalala. Kazi iliyonishinda miezi miwili niliimaliza kabla watoto hawajarudi kula. Nitakuwa mwongo nikisema nilifurahi. Ilikuwa kama nyumba iliyohamwa.

Ukurasa wa kamba nimeutoa. Jina lako halimo kwenye kosa lolote.

Jana chuo kilizindua kitabu. Si sherehe, ni darasa tu, wanafunzi kama arobaini kwenye madawati, kofia zao ngumu zimepangwa dirishani. Mkuu wa chuo akamwomba Mwashi aseme. Alisema yote ya kwake, amesimama, bila kuinamisha kichwa. Alipomaliza, binti mmoja wa mstari wa nyuma, mchimbaji na yeye, akanyoosha mkono. Akauliza, "Sasa wewe, ukiwa juu na Mwalimu ndiye yuko chini, ungemfuata?"

Mwashi akageuka kunitazama.

Sikupanga kusema kitu. Nilijikuta nimesimama. Nikawaambia: "Mume wangu alikosea. Kosa lake ndilo hili mnaloliona limesimama mbele yenu linapumua, lina mke na watoto. Kuna siku naamka nalishukuru, na kuna siku silitaki hata kuliona. Msiniulize zaidi. Lakini asubuhi ile palikuwa na mtu wa tatu, hamjasikia habari zake. Aliyekuwa chini alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Mtu huyo alikuwa ameshaingiza mguu kisimani. Akakumbuka alichofundishwa, akautoa. Angeshuka, leo tungekuwa na makaburi mawili na hakuna wa kutueleza nini kilitokea. Mwalimu alifundisha watu wengi. Huyo ndiye aliyemsikia."

Yule binti akauliza, "Yuko wapi?"

Nikasema, "Anatengeneza simu na kompyuta."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Binti hakucheka. Akasema, "Tunamtaka yeye aje. Mtu wa kutufundisha kushuka tunaye. Hatuna wa kutufundisha kutoa mguu."

Mkuu wa chuo ameniuliza kama utakubali. Nimemwambia mimi sikusemei, nitakuandikia. Darasa la hewa ni kila Jumatano asubuhi. Kitanda nimekuandalia chumba cha watoto wa kiume, wenyewe wameshagombana nani alale chini. Ukifika usianze na kaburi. Anza na chai.

Shemeji yako,
Mama Chapa